Sheikh Ramiya na Kupanda kwa Uislamu Bara

Uislamu ulikwisha kustakimu pwani yetu karne nyingi kabla haujapanda bara. Maana msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi kwenye kibla yake yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta huko sultani mcha Mungu, aliyesifika kwa ukarimu. Lakini mkulima wa bara hakuwa na fungu katika neema hiyo, mpaka karne ya 19, misafara ya pembe ilipotia njia kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji.

Haikosi wafanyabiashara walikuwa na sehemu yao: mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda, na husimuliwa kuwa alithubutu kumkanya mbele ya baraza juu ya kuua watu, akimwambia kwamba nao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, wengi katika wenziwe hima yao ilikuwa pembe na watumwa, wala hawakujishughulisha na kusomesha.

Walioieneza dini kwa raia ni watu wa tarika, yaani njia za Kisufi, hasa Kadiria, iliyohuishwa na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Katika zikri, wanaume husimama safu moja, bega kwa bega, wakilitaja jina la Mola kwa pumzi moja, na hapo haulizwi mtu nasaba yake. Mlango huo ndio alioingia Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyetekwa utotoni katika nchi za Kongo, akaletwa Bagamoyo mtumwa katika nyumba ya liwali. Akasoma, akawa khalifa wa Kadiria, akafungua chuo, na wanafunzi wake wakatawanyika bara kwenda kusomesha. Alipofariki mwaka 1931, mji uliompokea mtumwa ulimzika sheikh wake.

Basi anayetaka kuandika tarehe ya Uislamu wa bara asitosheke na masultani na matajiri wa misafara. Awaandike kwanza walimu hawa, ambao wengi wao walidharauliwa kwa asili yao, kwani wao ndio walioifikisha dini vijijini.