Kuhutubia

Kuhutubia ni kuzungumza mbele ya hadhira kwa kusudi maalumu, kama vile kuarifu, kufundisha au kushawishi. Anayefanya hivyo huitwa mhutubu au hatibu, na maneno yake huitwa hotuba. Maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu.

Hotuba hutofautiana na maandishi kwa jambo moja kubwa: msikilizaji hawezi kurudi nyuma. Msomaji asiyeelewa aya huisoma tena, lakini msikilizaji aliyepitwa na hoja amekwisha kuikosa. Ndiyo maana mhutubu hutumia sentensi fupi, huchagua hoja chache na hurudia neno la msingi bila kuona haya.

Historia

Katika Ugiriki ya Kale, Aristotle (384–322 KK) alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Demosthenes wa Athens, aliyeishi miaka ileile, husimuliwa kwamba alikuwa na kasoro ya matamshi, akajizoeza kusema akiwa na vijiwe mdomoni na kupaza sauti mbele ya mawimbi ya bahari. Hata kama masimulizi hayo yametiwa chumvi, yanaonyesha kwamba tangu zamani usemaji ulihesabiwa kuwa kazi ya mazoezi, si kipaji pekee.

Maandalizi

Kabla ya kuandika chochote, mhutubu anapaswa kuweza kusema kwa sentensi moja anachotaka wasikilizaji waondoke nacho. Asipoweza, hotuba bado haijawa tayari. Kisha huchagua hoja zinazobeba sentensi hiyo. Tatu kwa kawaida zinatosha. Mwaka 1978, Julius Nyerere alipowatangazia Watanzania vita dhidi ya Idi Amin, alisimamisha maneno yake juu ya mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Watu wengi ambao hawakumbuki sehemu nyingine ya hotuba ile huyataja hayo bila kusita.

Urefu si uzito. Tarehe 19 Novemba 1863 huko Gettysburg, Marekani, Edward Everett alihutubia kwa muda wa saa mbili hivi. Rais Abraham Lincoln alimfuata kwa dakika chache tu, na hotuba yake ndiyo inayosomwa hadi leo. Katika hafla zetu, muda mwingi huishia kwenye kutaja vyeo vya wageni, ingawa usemi "itifaki imezingatiwa" ulibuniwa kuuokoa.

Kukariri hotuba nzima kuna hatari. Mwaka 1904 Winston Churchill, akiwa mbunge kijana, alisahau maneno aliyoyakariri katikati ya hotuba bungeni, akalazimika kuketi. Tangu hapo alikuwa akibeba maandishi. Kusoma neno kwa neno nako huinamisha macho na kuua sauti. Njia ya kati ni kuandika dondoo kwenye karatasi ndogo, na kukariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu.

Hofu na mazoezi

Moyo kwenda mbio, midomo kukauka na magoti kutetemeka ni mambo ya kawaida, hata kwa wazoefu. Mara nyingi hofu huwa kali zaidi mwanzoni, kwa hiyo sentensi ya kwanza iliyokaririwa husaidia sana. Kunyamaza kidogo kabla ya kuanza, kupumua, na kumtazama msikilizaji mmoja kwa sentensi nzima kabla ya kuhamia kwa mwingine hupunguza pia kasi ya kusema. Mazoezi yafanywe kwa sauti na kwa kusimama. Kupitia hotuba kimoyomoyo hakuonyeshi mahali ulimi unapokwama.

Shuleni, mdahalo ndio uwanja wa kawaida wa kujifunzia, lakini mara nyingi wanafunzi walewale wanne hodari husema kila wiki huku wengine wakipiga makofi. Anayepiga makofi miaka minne humaliza shule bila kuwahi kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya watu. Mwalimu anaweza kugawa zamu kwa orodha ya mahudhurio, kila mmoja dakika mbili, akianza na mada wanazozijua vizuri, kama vile kazi ya nyumbani au njia ya kuja shuleni.