Sepetu na Amana ya Maji

Bara ya kati ya Ayalandi ni nchi tambarare yenye mvua nyingi na mito ya mwendo wa pole, ambayo kwa kukosa mteremko wa kuiharakisha baharini aghalabu hufurika kingo zake na kugeuza malisho kuwa vinamasi. Na kwa kuwa riziki ya watu ilitegemea mabonde hayo, katika karne ya 19 serikali na wenye mashamba waliazimia kuizibua mito, kuongeza vina vyake na kuyapunguza maji ya maziwa. Nia ilikuwa njema, na faida yake haikanushiki. Walakini ndani ya tope lile lile lililolaaniwa na wakulima ndimo zilimohifadhika athari za wazee wa nchi kwa maelfu ya miaka, maana tope lisilopenywa na hewa huzuia uozo, na miti na ngozi, ambazo udongo mkavu huzila upesi, hukaa humo zikiwa nzima. Kwa hiyo mhandisi aliyekuja kuyaondoa maji alikuja pia, pasipo kukusudia, kuiondolea amana hiyo mlinzi wake.

Mwaka 1839, karibu na Dunshaughlin katika kaunti ya Meath, vibarua waliokuwa wakisafisha kijito cha Lagore, mahali palipokuwa ziwa zamani, walikuta mifupa ya wanyama kwa wingi wa kustaajabisha. Waliowahi kufika ni wafanyabiashara: mifupa ikachimbwa, zaidi ya mikokoteni 150, ikauzwa isagwe kuwa mbolea, na vyombo vya chuma na shaba vilivyotoka pamoja nayo vikatawanyika mikononi mwa wachuuzi wa vitu vya kale. Mwanazuoni wa mambo ya kale George Petrie na tabibu kijana William Wilde, ambaye baadaye alikuwa baba wa mwandishi Oscar Wilde, walipofika waliona nguzo za mwaloni zilizosimamishwa kuzunguka kichuguu, na baina yake mbao zilizochongwa zikaunganishwa kwa ustadi. Wakatambua kwamba hapo palikuwa na kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu, cha namna iitwayo crannog. Tarikhi za watawa zilikitaja kuwa makao ya wafalme wa Brega, na kwamba kilihujumiwa mwaka 850. Msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Hugh Hencken, ulipokichimba kwa utaratibu kuanzia mwaka 1934, ulifanya kazi mahali palipokwisha kuvurugwa karibu miaka mia kabla yake.

Tofauti na hayo ni habari za mto Shannon. Katika miaka ya 1840, vibarua walipokuwa wakichimba kivuko cha miguu cha Keelogue ili mashua zipate kina cha kupita, walikuta katika changarawe ya juu silaha za shaba nyeusi, na chini yake, yapata futi moja, mashoka ya mawe. Safari hii wasimamizi waliandika nini kilitoka wapi na kwa kina gani, kisha vitu vyenyewe vikakabidhiwa kwa jumuiya ya wanazuoni ya Royal Irish Academy mjini Dublin. Ilhali mwanazuoni wa Denmark, Christian Thomsen, alikwisha kutangaza mwaka 1836 kwamba zama za mawe zilitangulia zama za shaba, sasa ulipatikana ushahidi wa jambo hilo katika sakafu ya mto. Upanga wa Lagore ulioangukia kwa mchuuzi huenda ulikuwa mzuri kuliko wa Keelogue, lakini ulikuwa sawa na shahidi asiyeweza kusema ametoka wapi wala alisimama na nani.

Sharia ilikuja polepole. Mwaka 1930 ilipitishwa sharia ya kulinda majengo na vitu vya kale, iliyomlazimisha kila avumbuaye kitu kutoa taarifa; na mwaka 1945 ikapitishwa nyingine ya kuzibua mito kwa mabonde mazima. Mwaka 1952, maji ya ziwa la Lough Gara yaliposhushwa kwa kazi hizo, ufukwe mpya ulidhihirisha mamia ya vijisiwa na mitumbwi mingi ya magogo, na Joseph Raftery wa Makumbusho ya Taifa akachimba kimojawapo mahali paitwapo Rathtinaun. Hapo ilionekana hatari ya pili, nayo ni jua: mtumbwi wa mwaloni uliokaa majini karne nyingi, ukiachwa ufukweni, hujikunja, hupasuka na kumeguka vipande, isipokuwa udumishwe katika unyevu hadi utibiwe na mafundi.

Kwa mafunzo hayo, siku hizi kingo hukaguliwa kabla ya mashine kuletwa, wapiga mbizi hutazama sakafu ya mto, tope lililotolewa hupekuliwa, na mtaalamu husimama kando ya mchimbaji akiwa na idhini ya kusimamisha kazi.

Idhini hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mto uliojaa tope waweza kuzibuliwa mwaka huu au mwakani, na shamba lililofurika likavunwa msimu ujao. Lakini tabaka la udongo likivurugwa halirudishwi na fundi yeyote kwa ujira wowote. Kwa sababu hiyo, mahali pa hifadhi ni katika mkataba wa kazi, nao uandikwe kabla sepetu ya kwanza haijagusa ukingo.