Nyumba ya Makasisi, Alfriston

Nyumba hii ya karne ya 14 iko jirani na kanisa la kijiji cha Alfriston, Sussex Mashariki. Paa lake la nyasi limebebwa na nguzo na maboriti ya mwaloni. Kuta ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kazi ambayo fundi wa Tanga asingehitaji kufundishwa.

Ingia ukumbini, kisha tazama juu. Hapakuwekwa dari: moto ulikokwa katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia paani. Sakafu yenyewe ni chaki iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyochacha, ufundi wa zamani wa Sussex.

Kwa muda mrefu nyumba ilikuwa mali ya kanisa. Kufikia karne ya 19 ilikuwa imechakaa kiasi cha kutaka kubomolewa. Kasisi wa hapa, F. W. Beynon, alihangaika kuiokoa, na mwaka 1896 shirika la National Trust, lililoanzishwa mwaka uliotangulia, likainunua kwa pauni 10. Hilo ndilo jengo lake la kwanza. Bei ilikuwa ya bure. Gharama ilikuwa kwenye matengenezo.

Tafadhali usiegemee kuta.