Udhalimu wa Walio Wengi

Udhalimu wa walio wengi ni hali ambayo kundi lenye kura nyingi katika nchi ya kidemokrasia hutumia wingi huo, kwa uchaguzi halali na sheria zilizopitishwa ipasavyo, kuwanyima walio wachache haki ambazo hazikustahili kupigiwa kura. James Madison aliijadili hatari hiyo mwaka 1787 alipokuwa akiitetea katiba ya Marekani, na Mfaransa Alexis de Tocqueville akaichambua kwa undani katika kitabu chake juu ya demokrasia ya Marekani, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1835.

Mfano wake ulio wazi, na wenye uchungu mkubwa, ni wa Sri Lanka, iliyopata uhuru mwaka 1948 ikiitwa Ceylon. Wasinhala walikuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wote, na katika mwaka huohuo wa uhuru bunge lilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha bila nchi Watamili wengi wenye asili ya India waliokuwa vibarua wa mashamba ya chai. Mwaka 1956 S. W. R. D. Bandaranaike alishinda uchaguzi kwa ahadi ya kukifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee, na ahadi ikawa sheria mwaka uleule, hata Watamili waliotegemea ajira za serikali wakajikuta wageni katika ofisi zao wenyewe. Hakuna kura iliyoibwa, na huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Katiba ilikuwa na kifungu kilichokataza sheria za kubagua jamii, lakini hakikutosha kuzuia wingi wa wabunge, na katiba ya mwaka 1972 ikakifuta. Bandaranaike alipotaka kurudi nyuma, akapatana mwaka 1957 na kiongozi wa Watamili, S. J. V. Chelvanayakam, shinikizo la watawa wa Kibuddha na wapinzani wake lilimfanya ayavunje mapatano hayo mwaka uliofuata. Kitamili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi mwaka 1987, wakati vita baina ya serikali na wapiganaji wa Kitamili, vilivyoanza mwaka 1983, vilikuwa vimekwisha kupamba moto; vilimalizika mwaka 2009.

Kinga zinazojulikana ni haki za msingi zisizoweza kufutwa kwa kura ya kawaida, mahakama huru, na mgawanyo wa madaraka baina ya jamii. Burundi, kwa kufuata Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliokusudia kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliweka katika katiba ya mwaka 2005 asilimia 60 ya viti vya Bunge kwa Wahutu walio wengi na 40 kwa Watutsi walio wachache, pamoja na viti vya Watwa, na ikataka sheria zipitishwe kwa theluthi mbili ya kura. Katiba ya mwaka 2018 ilidumisha migao hiyo lakini ikaliondoa sharti la theluthi mbili kwa sheria za kawaida, na hivyo kudhoofisha kinga iliyogharimu maisha ya watu wengi kupatikana.