Kujiendeleza Kazini: Istilahi Iliyopotea Njiani

Kwenye ukuta wa duka moja la hadiwea, kati ya orodha ya bei za nondo na picha ya msanii anayetangaza rangi, palibandikwa tangazo la semina. Kichwa chake: Maendeleo Endelevu ya Kitaaluma kwa Wadau wa Sekta ya Ujenzi. Fundi mwashi niliyefuatana naye kununua saruji alilisoma polepole, kisha akanigeukia. "Kaka, hii si yetu. Hii ya wale watu wa mazingira, wa kupanda miti."

Hakukosea kusoma. Aliyekosea ni mfasiri, na kwa kuwa ugali wangu mwenyewe unatokana na kutafsiri, niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Maneno yote yaliyokuwa pale ukutani ni ya Kiswahili, yana upatanisho mzuri wa kisarufi, na bado mtu aliyekusudiwa aliyasoma akajiona hayumo.

Kinachotafsiriwa hapa ni kile ambacho wahandisi na makandarasi wetu hukiita kwa herufi tatu za Kiingereza, CPD, yaani continuing professional development. Ni masomo anayoyaendeleza mtu baada ya kuhitimu na kuanza kazi, ili ujuzi wake usibaki pale ulipokuwa siku alipopokea cheti. Mfasiri wa tangazo alichukua maneno matatu ya Kiingereza, akayatafutia matatu ya Kiswahili, akayapanga. Hesabu ilitoka sawasawa. Maana ndiyo haikutoka.

Tuanze na "endelevu". Kiambishi -vu, pamoja na ndugu yake -fu, hutaja hali iliyokaa ndani ya mtu au kitu: tulivu, sikivu, vumilivu, angalifu. Kilicho endelevu ni kile chenye tabia ya kuendelea chenyewe kisipoharibiwa, kama msitu unaovunwa kwa kiasi au bahari inayovuliwa kwa nyavu halali. Masomo ya fundi hayana tabia hiyo. Akiyaacha leo, yanakoma leo. Isitoshe, "maendeleo endelevu" ni nyumba iliyokwisha kupata mpangaji. Tangu Umoja wa Mataifa upitishe malengo yake 17 mwaka 2015, redio na vitabu vya shule vimeyataja kwa jina hilohilo, na mwashi wangu alikuwa na kila haki ya kufikiria miche.

"Kitaaluma" nayo ina mzigo wake. Katika shule za Tanzania, mwalimu wa taaluma ndiye anayeshughulika na ratiba, mitihani na matokeo. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe ameshuka kitaaluma, anajua ni alama. Kwa hiyo neno hili masikioni mwa watu wengi linanuka chaki. Mwenye mwiko na timazi haoni mahali pa kuingilia, ingawa anachokijua kuhusu kusimamisha ukuta kingejaza daftari kadhaa.

Ajabu ni kwamba istilahi ya Kiingereza yenyewe ilitokana na ujenzi. Anayetajwa kuiunda ni Richard Gardner, aliyeshughulikia maendeleo ya fani za ujenzi katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, katikati ya miaka ya 1970. Ilipendekezwa kwa sababu haikubagua kati ya kinachofunzwa kozini na kile mtu anachokiokota akiwa kazini. Baadaye madaktari, wanasheria na wahasibu wakaiazima. Kumbe neno lililoundwa kwa makusudi ili saiti na darasa vikae ndani ya jina moja, limefika kwetu likiwa limevuliwa buti na kuvishwa tai.

Sasa tazama tulichokuwa nacho nyumbani. Kutokana na "endelea" tunapata "endeleza", yaani kufanya kitu kiendelee. Ukitia -ji-, tendo linamrudia mtendaji: kujiendeleza. Katika neno moja tumeshajua nani anafanya na nani anafanyiwa, na kwamba ni huyohuyo. Wala si neno la kubuni. Mtumishi akiondoka kwenda kusoma stashahada, wenzake ofisini husema amekwenda kujiendeleza, na hakuna anayeuliza maana. Mimi ningeongeza "kazini" tu: kujiendeleza kazini. Ile -ni ya mwisho inabeba mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtu tayari ana kazi, na kwamba kazi yenyewe ni mojawapo ya mahali pa kujifunzia. Ndicho Gardner alichokuwa akikitafuta.

Kuna watakaosema tunayo tayari "mafunzo kazini". Tunayo, lakini hayo mtu hupewa. Mwajiri huandika barua, hulipa nauli, na wewe unakwenda. "Mafunzo rejea" ni kitu kingine tena, ni kurudishwa kwenye ulichokwisha kufunzwa kabla hakijachakaa. Mfano wake mzuri uko Marekani kwa wakarabati wa nyumba. Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku majumbani huko mwaka 1978, lakini kuta zilizopakwa kabla ya hapo zingali zimesimama, na anayezikwangua hutimua vumbi linalodhuru ubongo wa mtoto. Tangu Aprili 2010 anayekarabati nyumba hizo kwa malipo sharti awe na cheti maalumu. Mafunzo ya kwanza ni ya saa nane, na yale ya kurejea, yanayofanywa kabla cheti hakijaisha muda, ni ya saa nne. Hayo ni mafunzo rejea hasa. Yanaingia ndani ya kujiendeleza kama chumba kinavyoingia ndani ya nyumba, lakini hayawezi kuwa jina la nyumba nzima.

Istilahi nzuri mimi huipima kwa kuitia katika sentensi ya kawaida. "Mwaka huu umejiendeleza?" Inapita. "Anadaiwa saa kumi na mbili za kujiendeleza." Inapita pia, na hata karani wa bodi ya usajili anaweza kuiandika kwenye fomu. Jaribu kumuuliza mtu kama mwaka huu amefanya maendeleo endelevu ya kitaaluma, uone kama hakuombi urudie swali.

Lakini fundi hujiendeleza katika nini? Turudi dukani. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa safu mbili, yote ya kilo 50, safu moja imeandikwa 32.5 na nyingine 42.5. Mwashi wangu alijifunza kazi kwa mjomba wake, wakati ambapo kwake saruji ilikuwa saruji tu. Namba hiyo si uzito wala si bei. Inataja nguvu ya kuhimili mgandamizo ambayo saruji hiyo inapaswa kuifikia katika majaribio baada ya siku 28, kwa newtoni kwa kila milimita ya mraba. Herufi R ikifuata, maana yake inawahi kupata nguvu. N ni mwendo wa kawaida. Ya 32.5 inatosha kujengea tofali na kupiga plasta, ilhali kwa zege la nguzo na slabu wengi huchagua 42.5. Na hata ukinunua iliyo bora, maji yakizidi umeiua. Zege jepesi humwagika vizuri na saidia fundi hufurahi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu visivyoonekana ndani ya nguzo. Haya yote si ya chuo kikuu. Ni ya mtu mwenye chepe.

Fundi bomba naye alizoea mabomba ya chuma ya kukata nyuzi. Yakaja ya PPR yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto, na ukizidisha sekunde chache, plastiki inavimba kwa ndani na njia ya maji inakuwa finyu. Wengi waliyajua hayo kwa video za simuni, usiku, wakiwa wamelala chali.

Neno "kuendelea", hata hivyo, lina tatizo lake. Linatuonesha barabara ya kwenda mbele tu. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, utaona kwamba anayekarabati huenda akalazimika kurudi nyuma. Nyumba za pale zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Kuta za chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Fundi aliyezoea saruji akija kuziba nyufa kwa plasta ngumu, ukuta unaonekana mpya kwa muda, kisha unyevu uliokosa njia unaisukuma plasta hiyo na kuiangusha vipande vipande, wakati mwingine pamoja na uso wa jiwe. Huyu hakukosa elimu. Alikuwa na elimu ya jana na akakosa ile ya juzi. Kujiendeleza kwake ni kujua namna chokaa inavyochomwa, inavyozimwa kwa maji na inavyoachwa ikomae, mambo ambayo babu wa mtu fulani aliyafanya bila semina. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la hapohapo la mwaka 1883, iliporomoka katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu akisema kukarabati ni kazi ndogo kuliko kujenga, nyumba hiyo hunijia machoni.

Lugha yetu, kwa bahati, haikuwahi kuutenga ufundi na kujifunza. Chukua shina -fund-: funda, kama kungwi anavyomfunda mwali, fundisha, jifunza, mafunzo, mwanafunzi, na hapohapo fundi. Upande wa pili, "mtaalamu" na "taaluma" zimetoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kujifunza. Mtaalamu na fundi wanaitwa kwa majina mawili yanayosema jambo moja, ila mmoja ana bodi.

Kwenye bodi ndipo penye utata uliobaki. Tanzania ilitunga mwaka 1997 sheria za kusajili wahandisi, makandarasi, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi, na mafunzo ya kujiendeleza huandaliwa kwa ajili ya walio kwenye madaftari hayo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliingiza hata mafundi na wasimamizi wa mjengo katika orodha ya wanaothibitishwa. Kwetu Tanzania fundi anaweza kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kurasimisha ujuzi alioupata nje ya mfumo rasmi. Hilo hutambua alichokwisha kukijua. Anachojifunza baada ya hapo ni habari nyingine.

Pale dukani nilimweleza mwashi wangu tangazo lilikusudia nini, nikatumia neno langu. Alitikisa kichwa. "Kumbe ni kujiendeleza. Si wangesema." Akabeba mfuko begani, akafika mlangoni, akasimama. "Sasa kaka, mdogo wangu yule fundi bomba kajifunza PPR kwa simu mwezi mzima. Hizo saa zake anaandikiwa wapi?"