Kuazimana Watu Siku ya Maafa: Kutoka Moto wa Baltimore hadi Kimbunga Katrina

Jumapili ya Februari 7, 1904, moto ulizuka katika ghala la bidhaa katikati ya mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, nchini Marekani. Upepo uliuchukua ukaruka jengo hadi jengo, na wakuu wa mji wakaiomba miji ya jirani iwatumie watu. Majirani hawakusita. Wazimamoto wa Washington walipakia mitambo yao kwenye treni wakafika mchana ule ule. Baada yao wakaja wa Philadelphia, wa Wilmington, hadi wa New York. Wazimamoto zaidi ya 1,200 walipambana na moto ule kwa saa 30 hivi.

Lakini wengi wa wageni hao walipofika kwenye mabomba ya maji ya mji walikuta mipira yao haiingii. Kila mji ulikuwa na kipimo chake cha viungio. Watu walikuwepo, mitambo ilikuwepo, maji yalikuwepo, ila kati ya maji na moto palikosekana kipande cha chuma chenye kipimo kimoja. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea, na eneo la ekari 140 la kitovu cha biashara likageuka majivu.

Serikali ya Marekani ilipochunguza baadaye, ilikuta nchini kote kuna viungio vya mipira ya zimamoto vya aina zaidi ya 600. Mwaka 1905 kikapitishwa kipimo kimoja cha taifa, ingawa miji mingi ilichukua miongo kukifuata.

Nimeanza na Baltimore kwa sababu moto ule unabeba somo zima la historia hii. Kumpelekea mwenzako watu wakati wa maafa ni jambo jema, na binadamu wamelifanya tangu kale. Hata hivyo, wema wa siku ya msiba hautoshi. Mambo yanayomwezesha mgeni kufanya kazi yenye manufaa huamuliwa kabla, siku za amani, mezani, kwa maandishi.

California yaweka ahadi kwenye karatasi

Waliolielewa hilo mapema ni watu wa California, jimbo lenye mioto ya misitu, matetemeko na mafuriko. Mwaka 1950, wakati wa Gavana Earl Warren, jimbo hilo lilitengeneza mkataba mkuu wa kusaidiana baina ya serikali ya jimbo, kaunti na miji. Ulikuwa wakati wa vita baridi, na hofu kubwa ilikuwa mabomu ya nyuklia. Misingi ya mkataba huo ilikuwa rahisi: kila mmoja amsaidie mwenzake maafa yanapomzidi nguvu, asilazimike kujimaliza mwenyewe kwa kusaidia, na aliyeomba msaada abaki kuwa mwenye amri katika eneo lake.

Msingi huo wa mwisho una uzito wake. Mji mdogo unapoelemewa, viongozi wake huogopa kwamba wakiomba msaada watanyang'anywa madaraka. Mkataba uliwaondolea hofu hiyo. Anayekuja kusaidia anakuja chini ya mwenyeji.

Kusaini mkataba ni jambo moja, kufanya kazi pamoja ni jingine. Mwaka 1970, kati ya Septemba na Oktoba, mioto iliwaka California kwa siku 13, ikaua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Vikosi vilikuja kutoka pande zote, lakini redio za kimoja hazikuweza kuzungumza na za kingine, vyeo havikulingana, na makamanda wawili waliweza kupeleka vikosi vyao mahali pamoja huku mahali pengine pakikosa mtu. Kutokana na aibu hiyo wataalamu walibuni mfumo mmoja wa kuongoza tukio: muundo mmoja wa uongozi, majina yale yale ya kazi, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye kamanda. Tangu mwaka 2004, mfumo huo ni sehemu ya utaratibu wa kitaifa wa Marekani wa kukabiliana na maafa.

Hata baada ya mfumo huo kubuniwa, kazi haikwisha. Oktoba 20, 1991, moto uliopanda vilima vya Oakland uliua watu 25 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,800. Vikosi vya miji ya jirani vikaja, na baadhi vikakuta mabomba ya Oakland yana viungio vya inchi tatu ilhali vyao vilikuwa vya inchi mbili na nusu. Miaka 87 ilikuwa imepita tangu Baltimore. Bunge la California likatunga sheria kwamba mamlaka zote za jimbo zitumie mfumo mmoja wa kusimamia dharura, na kwamba halmashauri isiyoufuata isirudishiwe na jimbo gharama za watumishi wake. Yalipoguswa mafungu ya fedha, miji iliyokuwa ikisuasua ikasikia.

Wanaochoka bila kuonekana

Mpaka hapo, waliokuwa wakiazimwa walikuwa hasa wazimamoto na polisi, watu wenye magari na sare. Lakini maafa yana wafanyakazi wengine ambao kamera haziwafuati. Hao ni maofisa wa maafa: wanaokaa katika kituo cha operesheni usiku kucha, wanaohesabu waliopotea na waliopatikana, wanaotafuta shule za kugeuzwa makazi ya muda, wanaoagiza maji, mablanketi na vyoo, wanaoandika taarifa za umma, wanaotunza kila stakabadhi ili mji urudishiwe fedha zake. Katika kaunti ndogo kazi yote hii huwa mikononi mwa watu wawili au watatu. Kwa mwili wa mtu, zamu ya saa 12 inawezekana siku ya kwanza na ya pili. Ikifika siku ya tano, maamuzi yanaanza kukosewa, na kosa la aliye mezani linaweza kugharimu maisha kama la aliye kwenye moto.

Tetemeko la Northridge, la alfajiri ya Januari 17, 1994, karibu na Los Angeles, liliweka jambo hilo wazi. Wazimamoto walikuwa na utaratibu wao wa kuazimana, polisi vilevile, lakini hapakuwa na njia iliyonyooka ya kupata ofisa wa mipango au msimamizi wa kituo cha operesheni kutoka kaunti nyingine. Katika miaka hiyo ya 1990, California ikaandaa mpango maalumu wa kuazimana maofisa wa maafa, unaojulikana kwa kifupi EMMA. Ombi hupanda ngazi: mji huomba kaunti, kaunti huomba kanda, kanda huomba jimbo, na kila ngazi hutafuta kwanza kwa majirani zake wa karibu.

Faida yake ilionekana Novemba 8, 2018, moto ulipouangamiza mji wa Paradise, katika Kaunti ya Butte, na kuua watu 85. Baadhi ya watumishi waliotakiwa kuwahudumia wahanga walikuwa wahanga wenyewe. Nyumba zao ziliungua, na familia zao zilikuwa kwenye makazi ya muda. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi zamu ya usiku. Maofisa wa kutoka kaunti nyingine walipokalia viti vile, wenyeji walipata nafasi ya kuzika, kulala na kutafuta pa kuishi. Msaada wa aina hii hauhesabiwi kwa tani wala malori, lakini mji unaweza kusimama au kuanguka kwa sababu yake.

Kimbunga Andrew na woga wa kulipa

Yaliyo magumu ndani ya jimbo moja huwa magumu zaidi kati ya majimbo. Agosti 24, 1992, kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Miami, jimbo la Florida. Nyumba zaidi ya 25,000 zikabomoka kabisa na nyingine zaidi ya 100,000 zikaharibika. Msaada wa serikali kuu ulichelewa kwa siku kadhaa, mpaka mkuu wa ofisi ya maafa ya kaunti, Kate Hale, akasimama mbele ya waandishi wa habari na kuuliza kwa hasira wako wapi hao waliotarajiwa.

Majimbo ya jirani yalikuwa tayari kusaidia. Kilichoyazuia ni maswali yasiyokuwa na majibu. Nani atalipa mishahara na posho? Muuguzi wa Georgia anaweza kutibu mtu Florida bila leseni ya Florida? Fundi akianguka kutoka kwenye paa, nani atatoa fidia? Akiharibu mali ya mtu kwa nia njema, nani atashtakiwa? Mikataba ya zamani ya ulinzi wa raia ilikuwepo tangu mwaka 1950, lakini ilitungwa kwa ajili ya vita na ilikuwa imelala.

Gavana wa Florida, Lawton Chiles, na magavana wenzake wa kusini walikaa chini, na mwaka 1993 wakatoka na mkataba wa kanda yao. Mwaka 1995 wakalifungulia mlango kila jimbo lililotaka kuingia. Oktoba 1996 Bunge la Marekani likaupitisha na Rais Bill Clinton akautia saini. Huo ndio Mkataba wa Majimbo wa Kusaidiana Wakati wa Dharura, kwa kifupi EMAC, ambao leo unayaunganisha majimbo yote 50 pamoja na mji mkuu Washington na visiwa kama Puerto Rico.

Nguvu ya EMAC ni kwamba ulijibu yale maswali, moja baada ya jingine. Gavana akishatangaza hali ya dharura, jimbo lake laweza kuomba. Anayeomba ndiye anayelipa. Leseni ya jimbo lako inatambulika kule uendako, kwa kazi uliyoombwa kufanya. Ukiumia, jimbo lililokutuma ndilo linalokulipa fidia. Ukitenda kwa nia njema, hushtakiwi wewe binafsi. Pande zote mbili hujaza fomu moja inayotaja ni watu gani wanahitajika, kwa siku ngapi na kwa gharama gani. Zikishasaini, ni mkataba kamili. Na kwa kuwa jimbo lililopigwa huenda halina hata mtu wa kujaza fomu, huazimwa kwanza kikosi kidogo cha watangulizi ambao kazi yao ni kusaidia kuomba.

Mtihani wa Katrina

Mwaka 2004 vimbunga vinne viliipiga Florida kwa wiki chache. Kupitia EMAC, watu zaidi ya 800 kutoka majimbo 38 walikwenda kusaidia. Wakati huo ilionekana kazi kubwa mno. Mwaka uliofuata, Agosti 29, 2005, Katrina ikapiga pwani ya Louisiana na Mississippi, kingo za maji za New Orleans zikapasuka, na kwa ajili yake na ya kimbunga Rita kilichofuata, majimbo yakapeleka watu wapatao 66,000. Zaidi ya 46,000 kati yao walikuwa wa National Guard, jeshi la akiba la kila jimbo. Waliobaki walikuwa raia: madaktari, wauguzi, wazimamoto, askari polisi, wahandisi, maofisa wa maafa. Katika mji wa Waveland, Mississippi, ambao bahari iliufuta karibu wote, hospitali ya kuhamishika kutoka North Carolina ilipiga kambi na kutibu maelfu.

Katrina ilionyesha pia upande wa pili. Mamia ya wazimamoto waliojitokeza kwa wito wa serikali kuu walikusanywa Atlanta, wakawekwa darasani kwa mafunzo ya kiofisi, kisha wengi wakapangiwa kugawa vipeperushi, wakati New Orleans ina watu juu ya mapaa. Madereva, wauguzi na wengine waliofika bila kuombwa rasmi walirudishwa njiani, kwa kuwa hakuna aliyejua wawekwe wapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye maafa siku mbili hizo hazipo. Mgeni lazima akute jembe lake limeshaandaliwa na shamba lake linajulikana.

Hata Nairobi

Historia hii imetugusa na sisi. Bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, na kuua watu 213 jijini humo, miongoni mwa waliokuja kufukua vifusi pamoja na Wakenya na waokoaji kutoka Israeli walikuwa wazimamoto wa Kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia. Hawa ni watumishi wa kaunti. Waliweza kuvuka bahari kwa sababu kaunti yao ilikuwa na makubaliano ya kudumu na serikali kuu ya Marekani kuhusu nani anawalipa, nani anawasafirisha, na nani atazishika zamu zao nyumbani wakiwa safarini. Makubaliano hayo yalikuwepo miaka mingi kabla ya Nairobi kulipuliwa.

Afrika Mashariki hatujakosa moyo wa kusaidiana. Penye mafuriko au maporomoko, majirani ndio wa kwanza kufika na majembe, na mara nyingi ndio wanaookoa wengi. Ninachosisitiza ni kwamba moyo huo upewe karatasi. Halmashauri mbili zinazopakana na mto mmoja, kaunti mbili zilizo chini ya mlima mmoja, zina haki na wajibu wa kukaa leo, kukiwa na jua, na kuandikiana: ofisa gani nitakuazima, atakuwa chini ya nani, posho yake itatoka wapi, akiumia atatibiwa na nani, na redio zetu zinasikilizana au la. Kisha wafanye mazoezi pamoja angalau mara moja kwa mwaka, ili siku ya msiba watu wajuane kwa sura.

Hilo halihitaji fedha nyingi wala wafadhili. Linahitaji mkutano, kalamu na viongozi wanaokubali kwamba maafa yanaweza kuwazidi. Kwa hiyo, msomaji, utakapokutana na diwani wako au mwakilishi wa wadi yako, muulize: tukipigwa kesho, nani amekubali kwa maandishi kuja kutushika mkono, na sisi tumekubali kwenda kwa nani? Asipokuwa na jibu, mtake alitafute kabla ya mvua zijazo.