Kutengeneza Mizinga (litografia)

Kutengeneza Mizinga ni mfululizo wa litografia 6 za mchoraji Mwingereza George Clausen, uliotolewa mwaka 1917 katika mkusanyo wa serikali ya Uingereza kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, wenye chapa 66 za wasanii 18. Litografia huchorwa kwa chaki ya mafuta, kwa kawaida juu ya jiwe, kisha hupigwa chapa kwenye karatasi. Clausen alionyesha tanuri, nyundo kubwa na kreni za kiwanda cha silaha. Mafundi ni wadogo mno kando ya mitambo, na hapo ndipo ilipo nguvu ya picha hizi. Katika mkusanyo huohuo, msanii Archibald Hartrick alichora wanawake wakifungasha baruti kali ya TNT. Mwaka huohuo wanaume wa Kavirondo Kusini, eneo la magharibi mwa Kenya ya leo ulipo mji wa Oyugis, walichukuliwa kwa lazima kuwa wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo. Kazi yao haimo katika mkusanyo huo.